Lughnasa na Mtafiti Wake

Kitabu cha Máire MacNeill, The Festival of Lughnasa (1962), ni miongoni mwa kazi kubwa zilizoandikwa juu ya sikukuu za majira huko Ayalandi. Msingi wake mmoja ni maswali yaliyopelekwa vijijini mwaka 1942 na Tume ya Ngano na Mila ya nchi hiyo, kuhusu yaliyofanywa Jumapili ya mwisho ya Julai. Siku hiyo watu walipanda vilima. Vijana walichuma matunda madogo meusi ya mwituni, wakacheza ngoma na kutafuta wachumba. Viazi vipya vikaliwa kwa mara ya kwanza. Aliyechimba viazi kabla yake alihesabiwa kuwa mkulima asiyejua kuweka akiba.

Bi. MacNeill ashikilia kuwa haya ni masalio ya sikukuu ya kale ya mungu Lugh, aliyemnyang'anya Crom Dubh nafaka ili watu wapate kula. Na kwamba katika hekaya za baadaye Mtakatifu Patrick ndiye aliyekikalia kiti cha Lugh. Ushahidi wake ni mwingi hata msomaji huona haya kumpinga. Walakini hatuna budi kuuliza: masalio kwa nani? Kiazi hakikujulikana Ayalandi kabla ya karne ya 16. Mwandishi mwenyewe aeleza kuwa kilichukua mahali pa nafaka, ila kwake badiliko hilo halikugusa kiini. Kwa maoni yetu, hicho ndicho kiini. Jamii iliyobadili zao la sikukuu bila kuiacha sikukuu yenyewe haikuwa ikilinda mabaki. Ilikuwa ikitunga upya. Julai ulikuwa mwezi wa njaa, viazi vya mwaka uliopita vimekwisha ghalani. Mwenye njaa hakuhitaji kumkumbuka Lugh ili akifurahie chungu cha kwanza.

(Nasi je? Mara ngapi mwanafunzi ameleta ngano kutoka kwao, tukakimbilia asili yake, tusiulize ni nani aliyeisimulia wala wasikilizaji walicheka wapi?)

Sifa moja haina ubishi: kila hekaya imeachwa kwenye kilima chake. Mpaka leo mahujaji huupanda mlima Croagh Patrick, katika Mayo, Jumapili hiyo hiyo, baadhi yao miguu mitupu. Kitabu kinatueleza vyema ni nani aliyeutangulia mlima huo. Wanaoupanda wenyewe wanasema machache mno.