Kituo cha Hadithi Fupi

Washairi tunapoingia katika hadithi fupi, huingia na kituo chetu. Tumezoea ubeti ufungwe na mshororo wa mwisho, nao utuachie neno la kushika. Basi hadithi nayo twaitaka imalizike kwa wasia. Hapo ndipo tunapoiharibu.

Mwaka 1886 Mrusi Anton Chekhov aliandika hadithi ya Iona Potapov, mwendesha gari la farasi aliyefiwa na mwanawe wiki hiyo hiyo. Theluji yaanguka, abiria wapanda na kushuka. Kila afunguapo kinywa kuusimulia msiba wake, hapati wa kumsikiliza. Usiku, zizini, anamsimulia farasi wake. Hadithi yaishia hapo. Maneno yenyewe hatuyasikii yote, wala mwandishi hamlaumu mtu.

Tazama uchache wa vifaa: mtu mmoja, haja moja, jioni moja. Haja ilipopata njia, kalamu ikawekwa chini. Anayetaka kujifunza kuandika hadithi fupi na aanzie hapa.

Nami nilipoitafsiri kutoka Kiingereza, mazoea ya kituo yalinishinda. Niliongeza sentensi moja mwishoni, ya kumpa pole Iona na kuwasuta waliompuuza. Niliposoma upya niliona haya: abiria wale walimkatiza mfiwa, nami nimemkatiza vile vile, ili niseme langu.

Nikaifuta. Tafsiri yangu sasa yaishia zizini, alipoikomesha mwenyewe.