Thamostati Iliyotolewa: Jinsi Corolla ya 1997 Ilivyoacha Kuchemsha

Kwa miezi mitatu nilitembea na madumu mawili ya maji kwenye buti. Corolla yangu ya 1997, ile ambayo mafundi wa Dar es Salaam huiita 110, ilinifikisha kazini kila asubuhi kutoka Kimara hadi Posta bila neno. Jioni, foleni ikisimama Manzese, mshale wa joto ulianza kupanda. Nazima kiyoyozi, nafungulia hita, nashusha vioo, namwomba Mungu askari aturuhusu. Mafundi watatu walikuwa wameshaiona. Wa kwanza alibadilisha pampu ya maji. Wa pili aliipiga rejeta maji ya presha. Wa tatu aliniambia gari limezeeka, nitafute jingine.

Uchambuzi huu nauandika kwa sababu ya jibu la huyo wa tatu. Injini ya gari hili, 5A-FE ya sisi 1,498, ina bloku ya chuma na silinda hedi ya aluminiamu, na ikipozwa sawasawa inadumu miaka mingi. Tulipoipekua hatua kwa hatua na fundi wa nne, tulikuta gari halina kosa la uzee. Lilikuwa limepunguziwa vitu, kimoja baada ya kingine, na kasoro moja ilifunika nyingine.

Tulianza kwa kusoma dalili kabla ya kushika spana. Gari linalochemsha likisimama na kupoa likikimbia lina upungufu wa upepo. Linalochemsha kwenye mwendo mrefu au mlimani lina maji yasiyopita vya kutosha, mara nyingi kwa sababu ya rejeta iliyoziba. Linalopunguza maji bila tone kuonekana chini, mtuhumiwa ni mfuniko wa rejeta au gasketi ya silinda hedi. Langu lilikuwa na dalili ya kwanza na ya tatu.

Gasketi ndiyo gharama kubwa, kwa hiyo tuliipima kwanza. Asubuhi, injini ikiwa imelala baridi, tulifungua mfuniko, tukawasha na kuyatazama maji kwa dakika tano. Hayakutoa mapovu. Kijiti cha oili kilitoka na oili safi, isiyofanana na chai ya maziwa, na ekzosi haikutoa moshi mweupe. Gasketi ilikuwa salama.

Tukahamia kwenye feni. Kwenye Corolla hizi, swichi ya joto hukata mawasiliano maji yanapofika kama nyuzi 93, na kukata huko ndiko kunakoamsha feni. Maana yake ukichomoa soketi ya swichi huku ufunguo uko ON, feni inatakiwa kuzunguka. Yetu haikujali. Fundi alifuata waya akakuta mtu aliwahi kuiunga moja kwa moja kwenye ufunguo, kwa waya mwembamba kama wa redio, bila rilei. Injini ikiwa inanguruma, betri ilisoma volti 13.8 na soketi ya feni 10.1. Feni ilizunguka muda wote, ndiyo maana hakuna aliyeishuku, lakini ilizunguka kivivu. Barabarani upepo wa mwendo ulifidia, foleni ikaiumbua. Tulirudisha rilei, waya mnene na swichi mpya.

Mfuniko wa rejeta ulichukua dakika mbili. Maji yasiyo na shinikizo huchemka kwenye nyuzi 100. Mfuniko wenye chapa ya 0.9 huyabana mpaka yakaribie nyuzi 119 kabla ya kuchemka, na hiyo nafasi ya nyuzi karibu 19 ndiyo akiba yako foleni inapokuwa ndefu. Raba ya mfuniko wangu ilikuwa imekauka na kupasuka. Maji yalitoka kwa mvuke, kimyakimya, na mimi nikawa naongeza kila jioni nikidhani yanavuja mahali.

Baada ya hapo fundi alifungua nati mbili za kasha la thamostati. Ndani mlikuwa mtupu.

“Bosi, huku kwetu joto,” akaniambia. “Wengi wanaitoa. Thamostati ni ya Ulaya, kwenye baridi.”

Imani hiyo imeenea gereji nyingi, na mantiki yake inaeleweka: ukiondoa kizuizi, maji yatapita zaidi. Kwenye injini hii haiko hivyo. Thamostati yake imekaa upande ambao maji yaliyopozwa yanaingilia kwenye injini, na ina vali mbili kwenye mwili mmoja. Injini ikiwa baridi, vali kubwa hufunga njia ya rejeta, huku njia ya mkato ikiwa wazi ili maji yazunguke ndani ya injini tu. Injini ikipata joto, vali kubwa hufunguka na ile ndogo huziba njia ya mkato, maji yote yakalazimika kupitia kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi daima. Sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupozwa, na kwenye foleni, pampu ikizunguka polepole, hapo ndipo inapouma. Kitabu cha Toyota cha matengenezo kinaonya hivyo hivyo: usiitoe hata injini ikielekea kuchemsha, kwa sababu upoaji utapungua.

Kuna hasara ya pili isiyoonekana kwenye geji. Asubuhi, barabara ikiwa nyeupe, injini isiyo na thamostati inachelewa sana kufikia joto lake. Sensa inaiambia kontroli boksi kwamba injini bado baridi, nayo inaongeza petroli. Lita moja ilikuwa inanifikisha kilomita 9. Leo inanifikisha 12, kwa njia ileile.

Fundi hakuamini kwa maneno, na ni haki yake. Tulinunua thamostati mpya Gerezani, tukaitundika kwa uzi ndani ya sufuria ya maji juu ya jiko la mkaa, na kipimajoto pembeni. Nyuzi 70, kimya. 80, kimya. Kwenye 82 vali ilianza kuachana na kiti chake, taratibu kama jicho la mtu anayeamka. Kufika 95 ilikuwa imefunguka zaidi ya milimita 8. Tulipoitoa majini, ikaanza kujifunga yenyewe. Fundi aliirudisha majini mara mbili zaidi kabla ya kuifunga kwenye gari, akahakikisha kile kitundu chake kidogo cha kutolea hewa kimekaa juu.

Mwisho yalikuwa maji yenyewe. Tulipoyafungulia chini ya rejeta yalitoka mekundu kama matope ya mfinyanzi. Kwa miaka gari lilinyweshwa maji ya kisima, na chumvi yake, ikikutana na chuma na aluminiamu kwa pamoja, hula vyote viwili. Tulisuuza mpaka yakatoka meupe, tukajaza kulanti nusu kwa nusu na maji ya betri yasiyo na asidi, tukiminyaminya mipira ili hewa itoke. Dar es Salaam hakugandi, lakini kinga dhidi ya kutu inahitajika hapa kama popote, nayo huchoka. Mimi nabadilisha kila baada ya miaka miwili.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Feni iliyozunguka muda wote ilificha waya mwembamba, na dumu la maji likaficha mfuniko uliopasuka. Kama ningelisikiliza lile jibu la uzee, ningeuza gari zima kwa bei ya kutupa kwa sababu ya vitu vinavyoingia kwenye mfuko mmoja wa plastiki.

Kama nawe una gari la zamani linalokupeleka kazini, kabla ya kulalamikia umri wake, subiri injini ipoe, fungua kasha la thamostati, uangalie kama imo.