Kichupa Kati ya Viganja

Kukhu hakitikisi kichupa. Anakilaza kati ya viganja na kukiviringisha taratibu, mara kumi, mara kumi na tano, hadi dawa iliyotuama chini ichanganyike na kuwa nyeupe sawasawa, kama maji ya mchele. Kukitikisa ni kuzua povu, na povu likiingia kwenye bomba la sindano linakula dozi.

Mjukuu wake ana miaka sita na kisukari cha aina ya kwanza. Insulini haimezwi, ni protini, na tumbo lingeisaga kama linavyosaga maharagwe. Kwa hiyo ni sindano, asubuhi na jioni, Krismasi ikiwamo.

Dozi ya asubuhi ni yuniti 10. Katika kichupa hiki mililita moja hubeba yuniti 100, kwa hiyo 10 ni kama matone mawili ya maji. Mwanamke ambaye sukari ya chai huimimina kwa kukisia, hapa anasimama mlangoni penye mwanga na kufumba jicho moja. Anavuta hewa kwanza, anaisukuma ndani ya kichupa, anakipindua, anavuta dawa kupita mstari kidogo, analigonga bomba kwa ukucha, kisha anarudisha hadi mstarini.

"Leo ni zamu ya wapi?"

"Paja la kushoto, Kukhu."

Mtoto angependa palepale pa jana, maana ngozi iliyozoea sindano haiumi sana. Lakini hapo huota uvimbe laini, na dawa ikidungwa ndani yake haifyonzwi inavyopaswa. Kukhu anapapasa kwanza, kama anayechagua parachichi sokoni. Anaibana ngozi, anadunga, na mtoto ndiye anayehesabu hadi kumi, kwa Kibukusu, kabla sindano haijatoka. Huo uamuzi wa kumwachia hesabu naustahi kuliko hata mkono usiotetemeka.

Dawa huichukua Kitale, karibu mita 1,900 juu ya bahari. Bungoma, anakoishi, ni kama mita 1,400, na joto hulisikia matatu ikiteremka kupitia Kiminini na Kamukuywa. Friji ya kuitunza dawa hana. Ana chungu ndani ya chungu, mchanga uliolowa katikati, na maji yakikauka yanaondoka na joto. Utafiti wa kambi ya Dagahaley, Dadaab, uliochapishwa 2021, ulionyesha kuwa insulini iliyokaa wiki nne kwenye joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 ilibaki na nguvu zake. Kukhu bado huloanisha mchanga kila asubuhi.

Sindano iliyotumika inaingia kwenye kopo gumu lenye kifuniko. Ndipo anapoinjika uji wa wimbi. Hauinjiki mapema: kuiva na kupoa kwake ni kama nusu saa, na nusu saa ndiyo dawa hii inayotaka kabla ya chakula.