Vitu vya Kuokota na Watu wa Kuokota

Wasomaji wetu wanajua jinsi watoto wanavyotengeneza motokari kwa makopo ya samaki na waya. Hakuna anayewacheka, wala hakuna anayewaita mafundi wakubwa. Kumbe wako watu wazima wenye sifa duniani wanaofanya kazi kwa namna ile ile. Huokota kartoni, vifuniko vya chupa, magazeti makuukuu na vipande vya picha, wakaviunga pamoja, na kazi zao huonyeshwa katika nyumba za makumbusho za Ulaya na Marekani. Wengine huuliza: Je, huu ni ufundi kweli, au twadanganywa tu? Swali hilo si la kijinga. Twataka kulijibu kwa kutazama kazi za Wakongo wawili.

Wa kwanza ni marehemu Bodys Isek Kingelez, aliyezaliwa mwaka 1948 katika kijiji cha Kimbembele Ihunga, akafariki mwaka 2015. Yeye alijenga miji mizima ya kuwekwa juu ya meza, kwa karatasi za rangi, kartoni, plastiki na maboksi ya vitu vya dukani. Mwaka 1994 alikijenga hata kijiji chake mwenyewe, akakigeuza kuwa mji wa maghorofa yanayometameta. Mwaka 2018 makumbusho ya MoMA, huko New York, yalikusanya kazi zake nyingi na kuzionyesha pamoja. Uzuri wake hatuukatai. Mkono wa fundi huyu ni safi mno, hata ukitazama mnara wake wasahau kabisa kwamba jana ulikuwa boksi. Lakini hapo hapo twaona upungufu. Boksi limenyamazishwa, halisemi tena lilitoka wapi wala nani alilitupa. Tena katika njia za miji ile hapiti mtu hata mmoja, wala mama mwenye beseni kichwani, wala mtoto wa shule. Ni mji wa kutamaniwa, nao tunautamani, lakini hatujui tungekaa wapi ndani yake.

Wa pili ni mtoto wa Lubumbashi, Sammy Baloji, aliyezaliwa mwaka 1978. Huyu hakuokota maboksi. Aliokota watu.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Union Minière, kampuni ya shaba iliyoanzishwa mwaka 1906, iliacha picha nyingi za wakati wa ukoloni. Ndani yake wamo wafanyakazi waliosimamishwa mbele ya mashini ya picha, vifua wazi, pamoja na wakubwa wa Kizungu. Baloji alizikuta picha hizo. Kisha akaenda mwenyewe kupiga picha mahali pa kazi pa Gécamines, kampuni iliyoshika mali ile baada ya Serikali kuitwaa mwaka 1967. Basi akawatoa watu wa zamani katika picha zao, akawasimamisha katikati ya viwanda vilivyokufa. Hakutumia makasi wala gundi, alitumia kompyuta, lakini kazi ni ile ile ya kukata na kubandika. Aliiita kwa Kifaransa Mémoire, yaani Kumbukumbu, akaimaliza mwaka 2006. Mwaka uliofuata alituzwa huko Bamako.

Tazameni alivyofanya. Watu hawana rangi, ni weusi na weupe tu kama picha za kale zilivyo. Mahali waliposimama pana rangi: kutu, udongo, vyuma vilivyoanguka. Angeweza kuwapaka rangi ili tudhani walikuwapo siku ile, naye hakutaka. Mshono unaonekana, na mshono huo ndio unaosema. Watuambia kwamba watu hawa na kiwanda hiki hawakukutana, na hata hivyo hawawezi kutenganishwa. Mtu aliyezaliwa katika kambi za wafanyakazi hawezi kupita mbele ya picha hizo bila kuuliza: je, huyu si babu yetu?

Tukumbuke pia wakati zilipofanywa. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa karibu tani 470,000 za shaba kwa mwaka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 hata sehemu ya kumi ya hizo haikufikiwa. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kazi. Hayo yalikuwa majonzi ya nyumba nyingi, ada za shule zilizokosekana, wazee walioketi barazani bila neno. Baloji hakuwaeleza watu hao kwa maneno. Alileta baba zao, akawasimamisha mbele ya mashini zilizonyamaza, kana kwamba wamekuja kudai hesabu.

Lakini twaona haya kidogo, na yafaa tuiseme. Kopo halina jina, mtu analo. Wale waliosimamishwa vifua wazi hatudhani kwamba waliulizwa kama wanapenda kupigwa picha. Sasa wameokotwa mara ya pili, wakapelekwa nchi za mbali kutazamwa na wageni. Twakubali kwamba fundi amewaheshimu. Amewaweka mbele, mashini ziko nyuma, nao watutazama machoni, si kama zamani walipotazamwa tu. Kwa hiyo twaiona kazi yake kuwa bora kuliko miji ya Kingelez, ingawa ile yapendeza macho zaidi. Ila picha hizo hazina majina. Zimeitwa tu «bila jina», na kila moja ikapewa namba. Wafanyakazi wa Union Minière nao walikuwa na namba, na wazee wengine huikumbuka namba ya baba yao hata leo.

Twatamani kuziona picha hizo zikitundikwa siku moja katika ukumbi wa parokia huko Katuba, chini kidogo, ili mzee mwenye macho dhaifu aweze kusogea karibu, aweke kidole juu ya uso mmoja na kulitaja jina lake.