KANISA LA SAN XAVIER DEL BAC: NANI ALILICHUNGA?

Kanisa la San Xavier del Bac, karibu na muji wa Tucson katika jimbo la Arizona, inchi ya Marekani, husifiwa kama kazi ya wamisionari wa Hispania. Sifa hiyo ni ya kweli, lakini ni nusu tu.

Padri Eusebio Kino, Mujezuiti, alifika katika kijiji hicho cha Watohono O'odham mwaka wa 1692. Mwaka wa 1767 mufalme Carlos III aliwafukuza Wajezuiti, na Wafransisko wakashika mahali pao. Padri Juan Bautista Velderrain alikopa pezo 7.000, akaanza kanisa la sasa mwaka wa 1783. Padri Juan Bautista Llorenz akalimaliza mwaka wa 1797. Majina ya mapadri tunayajua. Lakini mikono iliyosimamisha kuta zile ni ya Waoodham, nao husahauliwa upesi.

Wengine wanalaumu mapambo ya ndani: marmari ni rangi tu, na vigae vimechorwa ukutani. Mimi sioni udanganyifu hapo. Masikini alimupa Mungu alicho nacho, na ufundi ukatimiza yaliyopunguka.

Lakini uzuri huo usitufumbe macho. Misioni ilikuja pamoja na utawala wa kigeni, na magonjwa mageni yaliua watu wengi. Hata hivyo, Wafransisko walipoondoka mwaka wa 1837, kanisa likakaa bila padri, wakristu wa kijiji walichunga vyombo vitakatifu mupaka padri alipofika tena. Hapo ndipo kanisa la wageni liligeuka kuwa lao.

Katika karne ya 20 kuta zilipakwa simenti. Simenti ikafunga maji ndani, matofali yakaanza kuoza. Dawa ilikuwa ile ya wazee: chokaa iliyochanganywa na utomvu wa kaktusi. Tena, kati ya mwaka wa 1992 na 1997, mafundi wa Ulaya waliposafisha picha na sanamu za ndani, walifundisha vijana Waoodham kazi hiyo.

Basi, ndugu mapadri na wakatekista, tusihesabu matofali peke yake. Padri hujenga, kiisha anahamishwa, kijiji kinabaki. Munara wa mashariki wa San Xavier haujapata kuba hata leo, lakini kanisa lina wenyewe. Kanisa ambalo waamini hawakufundishwa kulitengeneza linabaki nyumba ya wageni, hata likiwa na minara miwili kamili.