Pete mbili katika ‘Mabepari wa Venisi’

Mwanafunzi wa leo akisikia neno ‘bepari’, picha inayomjia ni ya mnyonyaji mwenye kitambi, aishiye kwa jasho la wenzake. Hiyo ni maana iliyoletwa na siasa. Neno lenyewe asili yake ni Bara Hindi, na huko ni mfanyabiashara tu, basi. Katika Mji wa Kale wa Mombasa bepari alikuwa mwenye duka la nguo au viungo, mtu wa kukopeshana naye hadi majahazi yarudi.

Mwalimu Julius Nyerere alipochapisha tafsiri yake ya The Merchant of Venice mwaka 1969, aliiita Mabepari wa Venisi. Azimio la Arusha lilikuwa na umri wa miaka miwili. Mfanyabiashara mmoja wa Shakespeare akawa kundi zima, na jina likatoa hukumu kabla ya pazia kufunguliwa. Ndiposa wengi wetu tumeisoma kama kesi ya deni na ratili ya nyama, tukasahau kuwa ni komedia ya mapenzi.

Hebu tuisome kwa masikio ya Mji wa Kale. Si mbali hivyo. Shakespeare aliiandika katika miaka ya 1590, mwongo uo huo ambao Wareno walianza kujenga Fort Jesus, na merikebu za Antonio zimetumwa, pamoja na kwingineko, Lisbon na India: ncha mbili za safari za Wareno hao. Biashara ya kungojea kaskazi na kusi haikwenda kwa karatasi pekee, ilitaka amana. Nalo neno amana lina ndugu zake: imani, amini, uaminifu. Hutumika dukani, hutumika pia chumbani.

Portia anamvisha Bassanio pete kwa sharti kwamba asiitoe kamwe. Kisha anajigeuza wakili, anamwokoa Antonio mahakamani, na kuidai pete ile ile kama ujira. Bassanio anakataa, Antonio anamsihi, pete inatoka. Portia husifiwa sana kwa werevu wake, na kweli ni mwerevu. Lakini huu ni mtego, bwana! Naye ni mkopeshaji wa aina yake: anamsamehe mumewe akishahakikisha kwamba anadaiwa.

Pete ya pili haizungumzwi sana. Jessica, binti Shylock, anatoroka na Lorenzo akiwa amevaa mavazi ya kiume na kubeba mali ya babake. Baadaye Shylock analetewa habari kwamba binti huyo alitoa pete akapewa tumbili. Pete hiyo Shylock alipewa na Leah kabla hajaoa, naye anasema asingeiuza kwa tumbili wangapi sijui. Mzee huyu ndiye anayenoa kisu mahakamani; simtetei. Ila katika tamthilia nzima, mwanamume aliyeithamini pete ya mapenzi kuliko wote ni yule tuliyefunzwa kumwita bepari.

Katika onyesho la mwisho, huko Belmont, Portia na Nerissa wanawagombeza waume zao kuhusu pete, na hadhira inacheka. Jessica yupo pale pale jukwaani. Ugomvi unaanza, unaisha, watu wanasameheana, na Shakespeare hampi hata neno moja la kusema.