Nani Aliwalea Waliosoma Virusi vya Muhogo?

Batobato kali ya muhogo haikusubiri kibali kwenye mpaka wa Mutukula. Ilianzia Uganda, ikashuka kusini msimu baada ya msimu, na kufikia mwaka 1999 ilikuwa imeshaingia Kagera. Majani yakakunjamana na kupauka, mizizi ikakosa kujaa. Kwa kaya ya Hamugembe, hukohuko Kagera, ambako ndizi ndiyo chakula na muhogo ni akiba ya siku mbaya, hasara hiyo ilivumilika kwa muda. Ilianza kuuma kweli baada ya mwaka 2006, ugonjwa wa unyanjano ulipogundulika wilayani Muleba na migomba ikaanza kunyauka. Watu waligeukia akiba yao, wakakuta nayo inaumwa.

Chanzo cha batobato ile kilikuwa kimeshaelezwa mwaka 1997. Kundi la watafiti ambalo Mganda G. W. Otim-Nape alikuwa mmoja wao lilionyesha kwamba virusi vilivyoivuruga Uganda vilikuwa chotara. Sehemu kubwa ya DNA yake ilitoka kwa virusi vya Afrika Mashariki, lakini kipande cha katikati cha jeni la ganda kilitoka kwa aina nyingine kabisa. Chotara wa namna hiyo haonekani kwenye jani. Anaonekana pale tu herufi za DNA za virusi vingi zinapopangwa sambamba na hesabu ikaonyesha ni wapi undugu unabadilika ghafla. Tangu hapo ugonjwa wa shambani ukawa pia tatizo la algoriti, na Tanzania ikahitaji watu wanaoweza kulitatua.

Watu hao walipatikana. Njia waliyopitia ndiyo inayochambuliwa hapa, kwa sababu haikuwa ile iliyozoeleka ya kumtuma kijana Ulaya na kuomba Mungu arudi.

Mwaka 1999 Sweden ilianza kugharimia BIO-EARN, mpango wa bioteknolojia wa Tanzania, Uganda, Kenya na Ethiopia. Wanafunzi wake wa uzamivu walisoma kwa kwenda na kurudi: sampuli na shamba nyumbani, sehemu ya kazi ya maabara na masomo Sweden, kisha nyumbani tena. Fred Tairo alitokea Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Mikocheni, Dar es Salaam. Settumba Mukasa alitokea Makerere. Wote wawili walisajiliwa Chuo Kikuu cha Sayansi za Kilimo cha Sweden, Uppsala, chini ya Jari Valkonen, na wote walichunguza virusi vya viazi vitamu. Mukasa alimaliza mwaka 2004, Tairo mwaka 2006.

Makala waliyoitoa pamoja mwaka 2005 inaeleza mengi kuhusu malezi hayo. Majina ya wanafunzi wote wawili yamo. Yumo pia Alois Kullaya wa Mikocheni, yumo Patrick Rubaihayo wa Makerere, na yumo Valkonen mwenyewe. Msimamizi wa nyumbani hakuwa mtu wa kupiga muhuri ruhusa ya safari. Alikuwa mwandishi mwenza, maana yake alipaswa kuielewa kazi na kuitetea. Vilevile virusi vya Tanzania na vya Uganda viliwekwa katika jedwali moja, jambo ambalo ofisi mbili za serikali mbili zingelijadili kwa miaka. Ziwa Victoria lina nchi tatu, lakini virusi havijui hilo.

Joseph Ndunguru, naye wa Mikocheni, alipita njia ya Pretoria. Mwaka 2005 alichapisha katika Virology Journal uchambuzi wa virusi vya batobato nchini Tanzania, akiwa na Theresa Aveling wa Pretoria, James Legg wa taasisi ya kimataifa ya kilimo IITA, Graham Thompson, na Claude Fauquet, mmoja wa wanasayansi mashuhuri wa virusi vya mimea duniani. Hitimisho lake lilikuwa zito: Afrika Mashariki ni kitovu cha uanuwai wa virusi hivi. Mwanafunzi aliyeandika hivyo hakuwa amepewa swali la pembeni ambalo profesa wa ng'ambo hakuwa na muda nalo. Alikuwa ameshika swali kuu, na alilishika kwa sababu sampuli zilikuwa kwao.

Baada ya hapo aliyelelewa akaanza kulea. Ndunguru aliongoza kutoka Mikocheni mradi wa kuchunguza magonjwa ya muhogo katika nchi saba, kuanzia Kenya na Uganda hadi Zambia na Msumbiji. Mwaka 2015 timu yake ilichapisha jenomu kamili 12 mpya za virusi vya michirizi ya kahawia, ugonjwa mbaya kuliko batobato kwa hila yake: majani yanaweza kuonekana ya kawaida huku mizizi imeoza ndani. Kichwa cha makala ile kilitaja waziwazi matumizi ya kompyuta kubwa. Mikocheni walikuwapo Ndunguru, Tairo na Peter Sseruwagi, mtafiti kutoka Uganda. Walikuwapo watu wa kituo cha BecA cha Nairobi. Na kutoka Chuo Kikuu cha Australia Magharibi, Perth, alikuwapo Laura Boykin, mtaalamu wa kutumia kompyuta kufuatilia nasaba za viumbe.

Kwa nini kompyuta kubwa kwa virusi 12 tu? Hapa inafaa kutulia kidogo. Kila kimoja kina herufi takribani 9,000, na hizo si shida. Shida ni miti ya nasaba. Virusi 10 vinaweza kupangwa katika miti 2,027,025 tofauti isiyo na mzizi. Ukiongeza viwili tu, idadi inafika 654,729,075. Hakuna anayejaribu yote. Algoriti hukisia, hupima, huhama, hupima tena, mara mamilioni, na kila kipimo kinapitia herufi zote.

Mwaka uliofuata Titus Alicai wa kituo cha utafiti cha Namulonge, Uganda, aliongoza makala nyingine pamoja na timu ileile, na safari hii akaongezeka Laura Kubatko wa Ohio. Kubatko si mtu wa muhogo. Ni mtakwimu ambaye, pamoja na Julia Chifman, alichapisha mwaka 2014 algoriti iitwayo SVDquartets. Wazo lake Mhaya anaweza kulielewa haraka: ukiambiwa upange ukoo mzima kwa mkupuo mmoja utachanganyikiwa, lakini ukipewa watu wanne na kuulizwa nani ni ndugu wa karibu wa nani, majibu ni matatu tu. Virusi 12 vinatoa makundi 495 ya wannewanne. Kwa kila kundi, mpangilio wa herufi huhesabiwa na kutiwa katika jedwali, kisha hesabu huonyesha ni mgawanyo upi kati ya mitatu unaolifanya jedwali liwe jepesi zaidi. Majibu hayo madogo ndiyo yanayounganishwa kuwa mti mmoja.

Matokeo ya mwaka 2016 yalionyesha kwamba kati ya aina mbili zinazojulikana za virusi vya michirizi ya kahawia, moja inabadilika kwa kasi zaidi kuliko nyingine. Kwa mzalishaji wa mbegu hilo si jambo la vitabuni. Kipimo cha maabara kilichotengenezwa kwa herufi za mwaka fulani kinaweza kupitwa, na pingili inayotolewa kama safi ikawa imebeba ugonjwa.

Kwa upande wa malezi, jambo kubwa ni kwamba aliyebuni algoriti alikaa meza moja na waliochuma majani. Katika vyuo vingi programu ya kompyuta hupokelewa kama dawa ya duka, bonyeza upate mti. Mwanafunzi hajui ni lini mti huo unadanganya. James Wainaina, Mkenya aliyefanya uzamivu Perth, alipochapisha mwaka 2019 utafiti wa virusi vya maharage na kunde, Kubatko alikuwa mwandishi mwenza, Boykin na Monica Kehoe walikuwamo, na kutoka nyumbani alikuwamo Elijah Ateka wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta. Mfumo ule wa Uppsala ukawa umejirudia, safari hii ukiwa na kiti cha mtu wa hesabu.

Mwaka huohuo kundi hili la Boykin na Ndunguru lilitoa kazi iliyolipa jina zaidi. Kwa mashine za betri zinazobebeka mkononi walisoma DNA kwenye mashamba matatu ya wakulima, moja Tanzania, moja Uganda, moja Kenya. Kifaa kimoja kilisafisha DNA, cha pili kilisoma, cha tatu kilibadilisha mawimbi ya umeme kuwa herufi palepale bila intaneti. Kuanzia kufika shambani hadi jibu la awali hazikutimia saa tatu. Waandishi ni takribani 30, na wengi wao ni watafiti wa Mikocheni, Namulonge na Jomo Kenyatta. Pongezi zinastahili, ila kuna jambo la kuangaliwa. Virusi vilivyoonekana siku ile ni vya batobato, ambavyo jenomu yake ni DNA. Vya michirizi ya kahawia ni vya RNA, na vinahitaji hatua ya ziada. Mkulima wa Kagera ana magonjwa yote mawili.

Wapo pia wanaofundisha watu wengi kwa pamoja. Mwaka 2016 mtandao wa H3ABioNet uliendesha kozi ya bioinfomatiki ya miezi mitatu kwa washiriki 364 katika madarasa 20 ya nchi 10 za Afrika, kila darasa likiwa na wasaidizi wake na mihadhara ikitoka mbali. Ni msingi mzuri. Lakini kozi hufundisha zana, na uzamivu hufundisha kuchagua swali, kazi ambayo bado inafanywa na mtu mmoja kwa mtu mmoja.

Pengo lililobaki, la miaka ya baada ya uzamivu, linaonekana vizuri ukitazama nyanja jirani, ile ya kukokotoa kwa DNA yenyewe. Mwaka 1994 Leonard Adleman, Los Angeles, alitumia molekuli za DNA kutafuta njia inayopita katika vituo saba, kila kimoja mara moja. Mwanafunzi wake wa uzamivu, Paul Rothemund, alimaliza mwaka 2001 na hakupewa cheo. Alikwenda Caltech kwa Erik Winfree kama mtafiti wa baada ya uzamivu, akakaa na wazo lake, na mwaka 2006 akachapisha peke yake katika Nature njia ya kukunja uzi wa DNA kuwa umbo lolote bapa. Kwa Winfree huyohuyo walipita Damien Woods na David Doty, wote wakiwa watu wa nadharia ya algoriti. Mwaka 2019 walitoa seti ya vigae 355 vya DNA vinavyoweza kupangwa upya viendeshe algoriti mbalimbali. Kazi ya namna hiyo inamtaka mtu miaka ambayo hafundishi madarasa makubwa, haongozi idara na haandiki bajeti.

Huku kwetu miaka hiyo ni nadra. Anayerudi na uzamivu anakutana na kiti kinachomsubiri. Ndunguru amekuwa Mkurugenzi Mkuu wa mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, TPHPA, Arusha. Nchi inamhitaji mtu wa aina yake pale, na si kosa kumweka. Hata hivyo kila anayepanda hivyo anapunguza saa zake za kukaa na mwanafunzi mbele ya mti wa nasaba wenye matawi ya kutiliwa shaka, na nyuma yake hakuna safu ya watafiti wa baada ya uzamivu wa kuibeba kazi hiyo. Miradi ya wafadhili huziba nafasi kwa miaka michache, ikiisha, vijana hutawanyika.

Kagera ina kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Maruku, chenye historia ndefu ya migomba, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinajenga kampasi Itahwa, kata ya Karabagaine, kwa fedha za mradi wa elimu ya juu wa HEET. Shamba, virusi na jengo vitakuwa umbali mfupi kutoka Hamugembe. Swali la kuwauliza wapangaji wa kampasi hiyo ni la ajira: je, ikama yake itakuwa na nafasi hata mbili za watafiti waliotoka kumaliza uzamivu, wenye mkataba wa miaka mitatu, msimamizi mmoja Maruku na mwingine wa hesabu popote alipo?